Mikono Kifuani

Basi la Jumapili asubuhi lilikuwa likikata mitaa ya Wapolandi wa Chicago, na Teodor hakuwa akisikiliza ya watu. Masikio tu ndiyo yalikuwa wazi. Yeye hugawa komunyo parokiani. Mbele yake alikaa Wanda, aliyeachana na mumewe akaolewa tena serikalini. Miaka tisa sasa hufika mbele ya Teodor mikono ameikunja kifuani, ishara ya asiyeruhusiwa kupokea, naye humgusa paji la uso kwa baraka, basi.

"Kwa hiyo padri amekuruhusu?" aliuliza bibi wa kiti cha pembeni, ambaye Wanda alijuana naye vituo vitatu tu nyuma.

"Hajaniruhusu wala hajanikataza, mama. Miezi minane tumezungumza, nimelia mpaka nimechoka. Mwisho ananiambia nikasali, niisikilize dhamiri yangu."

"Huyo amekukimbia! Si aseme moja? Mume wako wa kwanza yu hai."

"Yu hai, na ana mke wa tatu."

"Hayo ni yake. Wewe uliapa."

"Niliapa. Sasa huyu nimwache, watoto wawili niwaambie nini?"

Bibi akauliza, kwa upole ambao Teodor hakuutarajia, "Leo utapokea?"

"Sijui, mama. Kukatazwa nilishakuzoea."

Basi lilisimama mbele ya kanisa. Wanda akamshika bibi mkono asiteleze kwenye barafu. Teodor alishuka nyuma yao, taratibu. Miaka tisa alikuwa akiitazama mikono ile tu, ajue la kufanya. Sauti ya Wanda ndiyo kwanza aisikie leo.