Kilikuwa Kidole cha Plastiki

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio, na kama jirani yuko uani, mwiteni. Leo tunamkumbuka Patriki Bura wa Tumati, Mbulu. Patriki alifanya mazingaombwe ya leso za hariri. Nasema mazingaombwe, si uchawi. Nitalirudia, maana kwa sababu ya hilo aliishi peke yake miaka kumi na sita.

Mwaka 1979 Patriki alikuwa dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia, kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule Hanang. Ngano mpaka macho yachoke, vumbi mpaka kwenye meno. Karakanani kulikuwa na fundi Mzungu, Gregory, mtu wa utani. Siku moja mvua iliwazuia kuvuna. Gregory akasokomeza leso nyekundu kwenye ngumi, akapuliza, akafungua. Mkono mtupu!

Patriki alimganda kama kupe. Msimu mzima alijifunza. Siri ilikuwa kidole gumba cha plastiki, kitupu ndani, cha kuvaa juu ya kidole chako. Hariri ni nyembamba, inajikunja yote humo. Basi, hakuna zaidi. Gregory alipoondoka alimwachia leso tatu na kile kidole. Kilikuwa na rangi ya Kizungu, kwa hiyo Patriki alikipaka dawa ya viatu ya kahawia.

Kambini kwa wafanyakazi, Patriki akionyesha, bwalo lilijaa, wengine wananing'inia madirishani. "Patriki, mpoteze na msimamizi!"

"Tumbo lile? Haliingii kwenye ngumi hii!"

Kisha akaja likizo Tumati. Kwenye harusi akaitoa leso kwapani mwa Mzee Margwe. Watu walicheka mpaka machozi. Mzee Margwe hakucheka. Mwaka ule mvua ikagoma, ndama wakafa, na maneno yakaanza kisimani: huyu anayepoteza leso, wingu litamshinda?

Wazee wakaitisha mkutano. Tumati mtu akitengwa hapewi kaa la moto, ng'ombe wake hawanywi na wa wenzake, mlangoni kwake hakuna hodi. Patriki alikuwa akipigania hilo tu, kubaki mtu kati ya watu wake. Akaamua kuitoa siri.

"Shikamooni wazee wangu. Sina dawa yoyote. Tazameni."

Akakichomoa kidole mbele ya watu wote.

Angesema kwanza, wasikilizaji, ndipo achomoe! Wao waliona kidole gumba cha mtu, cha kahawia, kikavu, kinatoka mkononi. Mwanamke akapiga yowe: "Kidole cha maiti!"

"Umemkata nani?" akauliza Mzee Margwe.

"Kishikeni, wazee! Ni plastiki!"

Nani ashike? Watu walirudi nyuma mpaka mabenchi yakaanguka. Patriki akatengwa siku hiyohiyo. Mwanamke aliyepiga yowe ni Kornelia. Kornelia, mdogo wake wa tumbo moja.

Habari zilifika kambini kabla yake. Wenzake wakahamisha sahani. Hakumaliza msimu, akarudi Tumati kwenye nyumba yake. Watoto waliompita hawakumpa shikamoo. Aliyependa bwalo lijae alibaki kuzifanyia kuta mazingaombwe.

Kornelia ametuambia hivi: "Yowe lilinitoka kwa hofu. Nilipotulia nikajua kaka yangu hawezi kumkata mtu. Lakini ukishasema mbele ya wazee, unarudi kusema nini? Kila Jumapili nilipita mlangoni kwake nikienda kanisani. Nilitazama njia."

Mwezi uliopita kifua kilimwangusha Patriki. Kornelia akachukua kaa la moto kwenye kigae, akapiga hodi. Miaka kumi na sita.

"Nimekuletea moto, kaka."

"Wa kupika nini, Kornelia? Hata maji hayapiti."

Akaomba leso zake. Akasokomeza moja kwenye ngumi. Leso ikachungulia, kidole kikamponyoka, kikabiringika sakafuni mpaka miguuni pa dada yake.

"Umeona?" akauliza.

"Sijaona kitu, kaka."

"Ungesema hivyo siku ile."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo Kornelia aliyasikia kwake. Alhamisi ya juma hilo, asubuhi, Patriki alifariki. Alikuwa na miaka hamsini na mbili. Waliochimba kaburi walitoka kijiji cha Daudi, watu wasiomjua. Wa Tumati walisimama ng'ambo ya korongo. Kornelia aliwafuata na kile kidole mkononi, akimpa huyu, akimpa yule. Wakarudi nyuma, kama siku ile.

Familia ya marehemu tunaipa pole. Familia yenyewe ni mtu mmoja. Pole sana, mama Kornelia. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kila mmoja ajiulize ni mlango gani anaoupita akitazama njia.

Kornelia hakuja hapa kuomba wimbo. Aliomba nitangaze jambo moja, nami nalitangaza, ingawa Patriki mwenyewe hasikii: kilikuwa kidole cha plastiki. Kiko hapa mezani, mbele yangu. Fundi mitambo wetu nimemwomba akishike. Amekataa.