Ngazi Iliyopungua Kidato

Sogezeni viti, wanangu, na anayelia anyamaze kwanza, maana sauti yangu ni ndogo na sitarudia.

Nyumba hii ni yenu nyote watatu. Mtaimbo, patasi na ile nyundo ya mpini mweupe achukue mkubwa wenu, kwa kuwa ndiye aliyekubali kuchafuka. Hayo ni mepesi. Zito ni la baba yenu mdogo.

Mnajua kwamba mimi na ndugu yangu tulikuwa tukiyatangulia makatapila kwenye nyumba za kale, tukiokoa milango, madirisha na nguzo kabla havijawa kifusi. Yeye ndiye aliyeanzisha kuchonga namba nyuma ya kila kipande kabla hatujaking'oa, ili popote kitakapokwenda kimjue jirani yake. Jasho lilikuwa letu sote wawili, sifa zikawa zake. Siku tulipoishusha ngazi ya mzunguko ya nyumba ya daktari mmoja, vidato thelathini na kimoja vya mbao ya msaji, mama yenu alituletea chai, akasimama akimtazama, akasema, "Shemeji akishika mbao, utadhani amebeba mtoto aliyelala." Kisha akanigeukia. "Na wewe mume wangu, angalia usiumize mgongo."

Ni hilo tu. Hawakuwa na kosa lolote, wala siwezi kuwasingizia mbele ya Mungu, hasa mama yenu ambaye udongo wa kaburi lake haujakauka. Lakini maneno yale yaliniingia kama kibanzi chini ya ukucha. Jioni ile nikakificha kidato cha kumi na saba.

Baba yenu mdogo alikitafuta miezi. "Kaka, nilikihesabu mwenyewe kikipakiwa," akaniambia, nami nikamjibu, "Hata wewe unakosea, mdogo wangu," nikausikia utamu wa uongo ule mdomoni. Alikataa kuchonga kingine, akasema ngazi haiwekewi jino la bandia. Basi ngazi ikalala ghalani kwake, naye akaacha kuiamini mikono yake, akaiacha kazi, akawa muuza misumari. Nilidhani wivu ungeishia hapo. Juzi, kwenye msiba wa mama yenu, niliwahesabu waliompa pole yeye kabla yangu.

Chaga ya katikati ya kitanda hiki ndiyo kidato chenyewe. Ni kipana upande mmoja na chembamba upande wa pili, na mama yenu alilala juu yake miaka ishirini na sita akilalamika mgongo, mimi nikimwambia ni uzee.

Tangu asubuhi nilitaka kuwaagiza mkipeleke nikishazikwa, nisiione furaha yake. Nimesali, nikaona ni wivu uleule umevaa kanzu ya wosia. Mwiteni leo. Msimwambie mmekiokota mahali. Mwambieni kaka yake alikificha, na anamngoja.

Mungu awape mioyo isiyoumia mwenzenu akisifiwa. Mkisikia ndugu yenu anasifiwa, itikieni, hata kama... hata kama koo linakataa. Awabariki nyote. Awarehemu mama yenu na mgongo wake.

Sasa nishusheni kwenye mkeka. Taratibu. Aje akitoe mwenyewe, nimwone akikishika.

Ninyi inueni godoro tu... Namba iko upande wa chini. Mkubwa, papasa kwa kidole.

Isome. Kwa sauti, mwanangu... nisikie.