Alois Makoye, Aliyechora Vihenge Viwili

Padre, wazee wetu, majirani wa Ngokolo mliosindikiza jeneza, na ninyi wanachama wa Mwakitolyo mliokuja basi zima: mimi ni Apolonia, mdogo wake marehemu. Nimefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, kwa hiyo nitasoma taratibu na sitarudia.

Marehemu Alois Sostenes Makoye alizaliwa tarehe 19 Machi 1962 hapa Ushirombo, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mzee Sostenes Makoye na mama yetu Martina. Tarehe hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, na katekista alitaka mtoto aitwe hivyo. Baba alikataa. Alisema akina Yosefu kijijini walikuwa wameshatosha, ukimwita mmoja wanaitika wanne. Basi akabatizwa Alois, na baba akaridhika.

Alisoma shule ya msingi hapahapa Ushirombo kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Hesabu zilimshinda, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa walimu. Akiwa darasa la sita aliandika barua ya ruhusa ya wavulana saba kwenda kutazama ngoma, akaweka saini ya mwalimu mkuu. Barua ilipokamatwa, mwalimu mkuu aliitazama muda mrefu, kisha akasema, "Saini ni yangu. Ila sikumbuki kuiweka." Adhabu yake ilikuwa kuandika majina ya madarasa kwenye milango yote ya shule. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza ya kuchora, na hakulipwa hata senti.

Mwaka 1979 alikwenda Shinyanga mjini, akajifunza uchoraji wa mabango kwa marehemu mzee Boaz wa Ngokolo. Mwaka 1987 alifungua karakana yake mwenyewe. Aliandika maduka, malori, mashine za kusaga, mabucha na misalaba. Kila mchoro aliutengenezea kwanza kiolezo cha karatasi ya kaki, na violezo vyote alivitunza ndani ya sanduku la bati ambalo hata watoto wake hawakuruhusiwa kuligusa. Alikuwa na majivuno ya kazi, tusifiche. Alipenda kusema kwamba hakuna kitu chini ya jua ambacho angeshindwa kukiiga.

Tarehe 24 Juni 1989 alifunga ndoa takatifu na Hosiana, ambaye alikuwa na mgahawa pale Ngokolo. Walijuana kwa ugomvi. Alois alimwandikia bango, Hosiana akalitazama akasema, "Baba, herufi ya mwisho imelala. Silipi." Akairudia. Akaambiwa sasa ya kwanza ndiyo imelala. Mara ya tatu alielewa kwamba tatizo halikuwa herufi, akaja nyumbani kumweleza baba atafute mshenga. Mungu aliwajalia watoto watatu: Nelly, Benedict na Davis.

Sasa nafika mahali ambapo wengine wameniomba nipite haraka. Sitapita haraka.

Mwaka 2011 wakulima na wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo walianzisha chama chao cha kuweka na kukopa, wakakiita Kihenge Chetu. Mwenyekiti wao, mzee Eliya, yupo hapa. Marehemu ndiye aliyewachorea ukuta: rangi ya kijani, na katikati kihenge cha njano kimesimama juu ya nguzo nne, kama vile ambavyo mama zetu walihifadhia mtama. Nguzo ya kushoto aliikosea kidogo tangu kwenye kiolezo, ikapinda. Eliya akasema iachwe hivyo hivyo, hata kihenge cha nyumbani kwake kimepinda.

Mwaka 2018 ikaja kampuni ya mikopo kutoka mjini, ikapanga chumba hukohuko Mwakitolyo, mtaa mmoja na chama, milango mitano kutoka ofisi yao. Ikajiita Kihenge Bora. Meneja wao, bwana George, alimwendea marehemu akamwambia, "Fundi, tuchoree kama lile la pale." Marehemu hakuuliza kwa nini. Alifungua sanduku, akatoa kiolezo kilekile, akachora kihenge kilekile, cha njano juu ya kijani. Jioni alimwambia wifi yangu Hosiana kwa furaha kwamba amekipatia mpaka Eliya mwenyewe angeingia mlango usio wake. Kampuni ikafurahi, ikampa na matawi mengine: Katoro, Runzewe, Nkome. Ikaahidi matawi tisa kwa jumla. Wakati huo mabango ya kuchapwa kwa mashine yalikuwa yamewaua wachoraji wengi kwa njaa, na Davis alikuwa anaingia chuo. Kazi ile ilikuwa ndiyo karo ya Davis.

Chama cha Mwakitolyo kilifungua shauri mahakamani mwaka 2019, kikidai jina na alama yake vimechukuliwa. Shauri lilikwenda vibaya. Kampuni ilisema Chetu na Bora ni majina mawili tofauti, yamesajiliwa, na mtu yeyote anayejua kusoma anaona tofauti. Kaka yangu alisikia habari hizo, akaendelea na matawi.

Mwezi Juni 2020 kampuni ilimtuma Nkome, kwenye mwalo wa wavuvi, akaandike INAUZWA kwenye nyumba ya mdaiwa. Alifika saa tatu asubuhi na kopo la rangi nyekundu. Mwenye nyumba alikuwa Mama Tereza, mjane, anayeanika dagaa na kuwapeleka kuwauza Mwakitolyo. Alimkaribisha, akampa kigoda, akamuuliza katumwa na nani.

"Kihenge Bora, mama," marehemu akajibu.

"Hao siwajui. Mimi nimekopa chamani kwetu, Kihenge Chetu. Ni mwanachama tangu mwaka elfu mbili na kumi na tatu."

"Mama, ulikopa ofisi ipi?"

"Pale penye kihenge cha njano. Kile chenye mguu uliopinda. Mimi shule sikuiona, baba, lakini kihenge changu nakijua."

Alikuwa ameingia mlango wa tano. Alikuwa ameweka kidole gumba kwenye karatasi akidhani anakopa kwa wenzake, kwa riba ya wenzake, na rehani ikawa nyumba aliyoachiwa na mumewe. Marehemu alifunika kopo lake, akarudi Shinyanga bila kuandika hata herufi moja. Hosiana anasema siku mbili hakula.

Siku ya tatu alikuja kwangu hapa Ushirombo kunitaka ushauri, maana alikuwa ameamua kwenda kutoa ushahidi. Nilimpa ushauri, tena kwa sauti kubwa. Nilimwambia, "Alois, huo ni ugomvi wa wenye ofisi. Wewe ni mchora herufi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Davis yuko mwaka wa pili, atakula rangi?" Alinijibu taratibu tu, "Mama yule hajui kusoma, Apolonia. Alichosoma ni mkono wangu." Nikamwambia akienda mahakamani asinihesabu kuwa ndugu yake. Akavaa kofia yake akaondoka, na chai akaiacha mezani.

Alikwenda. Tarehe 11 Februari 2021 alisimama mahakamani Shinyanga na sanduku lake la bati. Mimi sikuwepo, nimesimuliwa na Eliya. Wakili wa kampuni alimuuliza, "Mzee, ulilipwa na chama, ukalipwa na kampuni. Leo umelipwa na nani?" Akajibu, "Leo sijalipwa, wakili. Hata nauli nimemkopa mke wangu." Watu walicheka mpaka wakanyamazishwa. Kisha akatoa kiolezo. Mabango mawili yalikuwa yameletwa kama vielelezo. Akakilaza juu ya la kwanza, kikakaa, akakilaza juu ya la pili, kikakaa, pamoja na ile nguzo iliyopinda. Akasema, "Mheshimiwa, walioenda shule walisoma jina. Wengi wetu huku tunasoma rangi na picha. Niliambiwa niige nikaiga, na nilijua ninachofanya. Kosa la mkono ni langu."

Hukumu ilitoka tarehe 30 Julai 2021. Kampuni iliamriwa kuacha jina la Kihenge, mchoro na rangi zake katika matawi yote. Nyumba ya Mama Tereza haikuwa sehemu ya shauri lile, lakini baada ya hukumu Eliya na wenzake waliongozana naye hadi ofisini kwa bwana George, na hawakutoka mpaka uuzaji ulipofutwa na deni likapigiwa hesabu upya. Alilimaliza mwaka 2023. Leo yuko hapa, na dagaa mtakaokula baada ya maziko ni wake.

Kuhusu marehemu, kazi zilikauka. Kampuni haikumlipa hata matawi aliyokwisha kuyachora, na wafanyabiashara wengine walimwogopa. Nani anataka fundi anayesema? Aliuza pikipiki yake. Davis alikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kurudi chuoni, na mgahawa wa Hosiana ndio uliowalisha wote. Juu ya hayo, alizunguka Katoro, Runzewe na Nkome kwa nauli yake akifuta vihenge alivyovichora, kwa rangi aliyoinunua mwenyewe. Nilipopata habari hiyo niliona ni wazimu. Siku hizi siiti hivyo.

Tangu siku ile ya chai tulikaa miezi ishirini na miwili bila kusemezana. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 2022 alitokea mlangoni na mfuko wa mchele, akauliza kama choo chetu bado kinavuja. Akakitengeneza. Jambo lile hakulitaja, nami sikulitaja.

Mwezi Novemba 2023 alianza kupata shida ya kupumua. Madaktari walisema mapafu yalikuwa yamevuta rangi na petroli kwa miaka arobaini. Alitibiwa Shinyanga, akapelekwa Mwanza mara mbili, akarudishwa nyumbani. Wanachama wa Mwakitolyo walichangia mitungi ya hewa bila kuombwa. Tarehe 6 Mei 2025, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Ngokolo, Hosiana akiwa amemshika mkono, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Marehemu ameacha mjane, Hosiana, watoto watatu, Nelly, Benedict na Davis, ambaye sasa ni mwalimu kama shangazi yake, wajukuu sita, na sisi ndugu zake wanne tuliobaki.

Nimesema ndugu wanne, na mmoja wao ni mimi niliyemwambia asinihesabu. Nilikosea, kaka. Nilikuwa na miaka mitatu ya kukuambia tukiwa wawili, jikoni kwangu, nikaona haya. Wewe kosa lako ulilisema umesimama, mbele ya watu wote, na ulijua litakugharimu mkate. Basi na mimi nasimama, nalisema langu mbele ya hao hao, ingawa nimechelewa na hunijibu.

Bwana akupokee, Alois, akupe pumziko ambalo mikono yako haikulipata. Lala salama, kaka yangu.