Jani la Isale Nililofutia Viatu

Sikilizeni wanangu, na mniwie radhi mapema, maana nitasimulia vibaya: nimezoea watu waliolipa kiingilio, nyinyi mmeingia bure, na kifua hiki kinanikata kauli kabla sijafika penye kicheko.

Praygod, wewe ndiye mkubwa. Jana nilikusikia sebuleni ukimwambia mdogo wako, "Aikande, lugha unazo tatu tayari, chuo kikuu unaenda kutafuta ya nne ya kumsalimia nani?" Nilicheka, mwanangu, ulimi huo umeurithi kwangu. Lakini neno la mwisho ni langu, kwa hiyo tulieni.

Mnajua mimi na baba yenu mkubwa Hosea hatusemeshani, mwaka wa kumi na tisa huu. Mmeambiwa tuligombea kihamba, lile shamba la ukoo, kwa kuwa mimi kitinda mimba niliachiwa nyumba ya baba na migomba yake kule Marangu, nikaja kukaa hapa Njoro, naye akabaki kulima. Si kihamba. Uongo huo niliuacha utembee kwa sababu ulinifaa.

Ilikuwa harusini. Nilimwigiza Hosea anavyosali kanisani, Kiswahili chake kizito chenye Kichagga ndani, mkono ukitetemeka. Ukumbi mzima ulishika mbavu, naye amekaa meza ya mbele. Akanifuata nyuma ya jiko, akanipiga bakora moja ya mgongo. Wiki haikuisha, Hosea huyo huyo, mzee wa kanisa mzima, akashuka mpaka hapa, ameshika jani la isale alilolifunga fundo, akasimama mlangoni. Kwetu aliyekukosea akikuletea isale huulizi kitu, unalipokea kwa mikono miwili na kesi imekwisha, hata kama damu ilimwagika. Nililijua hilo tangu nanyonya. Ila nilikuwa na wageni wa mjini sebuleni, nikataka wacheke. Nikalipokea, nikainama, nikafutia viatu.

Wakacheka. Hosea alisimama kidogo, kama mtu anayedhani hajaona vizuri, kisha akaondoka.

Kwa hiyo, Aikande, chuo kikuu utakwenda. Praygod, yule ng'ombe mwenye baka auzwe, na usinune. Nawe Aikande, mama, usiende huko kukusanya maneno ya kujitapia, wala usirudi na kaniki na picha za ngoma ukadhani umeleta utamaduni. Vyote hivyo ninavyo kwenye sanduku langu la maigizo, na havikunifundisha kitu. Kajifunze kukaa na neno la mtu mpaka ujue kulitamka kunamgharimu nini. Awe mtu wa Kibosho, awe mtu wa Japani, akisimama mlangoni kwako na kitu mkononi, ujue amepita wapi moyoni mwake kukileta. Na ucheke, sikuzaa waombolezaji, ila uucheleweshe mzaha wako mpaka umwelewe unayemcheka. Wakikuuliza masomo hayo ya lugha na mila za watu yana kazi gani, waambie ipo moja, inaanza kesho asubuhi.

Nipeni maji. Kidogo tu. Haya.

Kesho upande Marangu, ukate jani la isale pale mpakani mwa kihamba, ulifunge fundo, umpelekee Hosea kwa jina langu. Umwambie kihamba ni chake mpaka atakapokichoka, na nyinyi wengine msikiguse. Akilifutia viatu, mshukuru, urudi nyumbani.

Sogeeni niwatemee mate ya baraka... Praygod, usikwepe, hayaambukizi. Mungu awape masikio makubwa kuliko midomo. Mpendane. Msinizike na suti ile ya njano ya maigizo.

Na Aikande... useme naye Kichagga, kile cha bibi yako. Mimi tangu alfajiri napanga maneno ya kumwomba msamaha, na kila nikifungua kinywa inatoka ile sauti ya jukwaani. Miaka thelathini nimekula kwa lafudhi ya kaka yangu... kumbe katika nyumba hii aliyehitaji hicho chuo ni mimi, na siku mwalimu alipokuja mpaka mlangoni, nilikuwa nafuta viatu.