Palepale, Fundi wa Boila Aliyekataa Kuongezeka

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi mliofanya kazi na baba yetu kwa miaka arobaini, familia imeniomba mimi, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha yake, nami nimekubali kwa sharti moja, kwamba niyasome kama yeye mwenyewe alivyopenda kupewa habari, yaani tarehe kwanza, sababu baadaye, na pale ambapo sababu haijulikani isemwe wazi kwamba haijulikani.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha uani cha nyumba iliyokuwa nyuma ya maghala ya nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba yake akiwa mchukuzi wa magunia katika maghala hayo na mama yake akifua na kupiga pasi nguo za watu. Shangazi yetu, ambaye ndiye pekee aliyebaki kati ya hao sita, anasema swali la kwanza analolikumbuka kutoka kwa kaka yake aliliuliza akiwa na miaka saba, siku babu alipovua shati ili anawe, bega lake la kulia likaonekana limejaa na la kushoto limelala tu, mtoto akauliza, "Baba, mbona bega moja limekua na jingine halikukua?" Babu, aliyekuwa hoi kwa uchovu, akamjibu, "Kamuulize gunia." Kesho yake akaenda kweli ghalani, akakaa pembeni akiwatazama wachukuzi mpaka saa sita mchana, akarudi na taarifa kwamba wote hubebea bega la kulia, isipokuwa mmoja anayebadilisha mabega, na huyo yuko sawasawa pande zote mbili.

Alianza shule ya msingi Januari 1959 na kuimaliza mwaka 1965, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, akaacha Desemba 1967 kwa sababu mgongo wa babu ulikuwa umegoma kazi na nyumba ilihitaji mikono, kisha Januari 1969 akapata nafasi katika chuo cha ufundi, akajifunza vyuma na mabomba, na kuhitimu Novemba 1970 akiwa na cheti ambacho mpaka leo kimetundikwa juu ya mlango wa jikoni, kimefifia kwa moshi lakini jina linasomeka.

Tarehe 3 Februari 1971 aliajiriwa na kiwanda cha nguo, katika idara ya mvuke, akapangiwa usafishaji wa boila. Kwa msioijua kazi hiyo, boila ni pipa la chuma kubwa kama chumba cha kulala, ambamo maji huchemshwa ili mvuke wake uendeshe mitambo ya kutia nguo rangi, na kila baada ya miezi sita huzimwa, huachwa lipoe siku tatu, halafu mtu huingia ndani kupitia tundu lililo juu, lenye umbo la yai, kwenda kugonga ukoko wa chokaa kwa nyundo na patasi. Tundu hilo lilikuwa na sentimita arobaini na mbili kwa thelathini na mbili, na sisi watoto wake tulizijua namba hizo kabla hatujajua namba ya nyumba yetu. Aingiaye humo anahitaji mikono yenye nguvu, kwa maana hugonga akiwa amechutama na kutoka ni kwa kujivuta mwenyewe, ila hatakiwi kuwa na mwili mkubwa, na hapo ndipo palipoanzia mkasa wa maisha yake.

Mwaka 1972 alijiunga na klabu ya wanyanyua vyuma iliyokuwa uani kwa seremala, ambako vyuma vyenyewe vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, akapenda, akanenepa misuli, na Jumamosi ya tarehe 12 Mei 1979 akashika nafasi ya pili katika mashindano ya kutunisha misuli, akapewa kikombe. Jumatatu iliyofuata boila namba mbili likafunguliwa, yeye akatanguliza miguu kama kawaida, kiuno kikapita, kisha kifua kikakataa, akabaki miguu ndani na kichwa nje kama kizibo cha chupa. Wenzake walicheka dakika kumi za kwanza, baada ya hapo hakuna aliyecheka, wakammiminia sabuni ya maji, wakamvuta kwa zamu, na alipotoka baada ya dakika hamsini ngozi ya mbavu ilikuwa imechunika pande zote. Msimamizi wao, waliyemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, akamwambia mbele ya watu, "Sasa wewe bwana utachagua, kikombe au boila, viwili haviingii tundu moja!"

Alipokuwa akifungwa bandeji kwenye zahanati ya kiwanda alimwuliza daktari, "Hivi, mtu anaweza kubaki na misuli yake yote, na nguvu zake zote, asiongezeke hata kidogo?" Daktari, ambaye sasa ni marehemu, akafikiri, akasema, "Kukuza misuli najua, na inavyosinyaa najua, lakini hilo la katikati sijawahi kuulizwa. Jaribu, halafu njoo uniambie." Urafiki wao ulianzia hapo, ukadumu miaka thelathini na moja.

Alijaribu kweli. Kwanza aliacha vyuma kabisa, kuanzia Juni hadi Agosti, mkono ukashuka kutoka sentimita arobaini na moja hadi thelathini na sita, lakini nyundo ikawa nzito mkononi kuliko siku yake ya kwanza kazini. Septemba akarudi kwenye vyuma na kupunguza chakula, tumbo likakauka na mistari ya misuli ikaonekana kama imechorwa kwa kalamu, ila akawa mkali kwa kila mtu na mara mbili akasinzia akiwa amesimama. Jaribio la tatu, lililoanza Januari 1980, liliwachekesha wote uani kwa seremala, kwa kuwa alinyanyua uzito uleule mzito wa siku za mashindano, hakuupunguza hata kopo moja, ila badala ya siku tano kwa wiki alikwenda siku mbili, badala ya mizunguko ishirini akafanya sita, akavaa shati na kuondoka, na mezani alikula akashiba mayai, maharage, samaki, chochote kilichopikwa, lakini sahani ya pili aliirudisha. Ilipofika Juni mkono ulikuwa umetulia kwenye thelathini na nane, kifua kwenye mia moja na mbili, michoro ya misuli ipo, nguvu zipo, na boila likamkubali. Wenzake wakawa wanamwuliza kwa kejeli, "Vipi, umeongezeka?" naye anajibu, "Nipo palepale," mpaka likawa jina lake, na wengi wenu hapa hamjui jingine.

Kuhusu ndoa, mtu hawezi kujipima mkono mwenyewe bila kuukunja, na akiukunja kipimo kinadanganya, kwa hiyo kila Jumamosi alikwenda kwa fundi cherehani mmoja wa kike, mwenye kibanda karibu na posta, akanyoosha mkono apimwe. Jumamosi ya saba yule fundi akaweka futi chini, akasema, "Kaka, mkono wako haujabadilika tangu nikujue, hushoni shati, hushoni suruali, unatafuta nini hapa?" Akajibu, "Natafuta uhakika." "Uhakika wa mkono?" Akanyamaza, na mama yetu, kwa maana ndiye fundi huyo, anasema alinyamaza Jumamosi nne nzima kabla hajapata jibu. Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1981, wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1983, mdogo wangu wa kiume aliye dereva wa malori mwaka 1986, na kitinda mimba wetu mwaka 1990, na mpaka leo wajukuu ni watano. Nilipoolewa mwaka 2009 baba alikuja na suti yake ya harusi, ileile, haijaachiwa wala kubanwa popote, wakwe zangu wakadhani ameinunua wiki ile, wakauliza duka.

Narudi nyuma kidogo, kwenye Jumatatu ya tarehe 22 Agosti 1994, saa tano asubuhi, kwa sababu bila siku hiyo mzee mmoja aliyeketi mstari wa mbele asingekuwepo. Ni mwenzake wa zamu, aliyeitwa Mpini kwa wembamba wake, nasi humwita baba mdogo ingawa hatuna udugu wa damu. Alikuwa ndani ya boila namba mbili, feni ya kuingiza hewa ikazimika bila aliye nje kugundua, akaishiwa pumzi na kuanguka. Kengele alijaribu kuingia, kitambi kikakataa, na wa pili na wa tatu vilevile, ndipo wakamkimbilia baba aliyekuwa stoo. Alipofika hakuruka ndani, aliuliza kwanza kama feni inazunguka, akaiwasha, akajifunga kamba kiunoni, akasubiri, huku watu wakimfokea, "Ingia! Unangoja nini?" naye akasema, "Tukianguka wawili atatutoa nani?" Alisubiri dakika mbili ambazo Kengele aliziita ndefu kuliko mwaka, kisha akainua mikono juu, akapita pale kama barua inavyopita kwenye sanduku. Ndani alimfunga mwenzake kamba ya pili kwapani, akamweka mabegani, akasimama naye, akamsukuma juu huku wengine wakivuta, na baada ya dakika saba wote wawili walikuwa nje. Baba mdogo alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa, "Kiatu changu kimoja kiko wapi?" Mkurugenzi alimwuliza baba alijisikiaje alipokuwa akiingia mle, akajibu kwamba kifua kiligusa chuma pande zote mbili, na kwamba yeye mwenyewe alishangaa jinsi nafasi ilivyobaki ndogo.

Aprili 1996 kiwanda kilileta maboila mapya yenye mlango mpana ubavuni, ambao mtu huingia na kitambi chake, na hapo kila mtu alitegemea baba ataachia mwili uende unakotaka. Hakuachia. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikamwuliza, "Baba, mlango umeshapanuliwa, sasa unajizuia kwa ajili ya nini?" Akacheka, akasema, "Mwanzo nilikuwa nafuata tundu. Sasa nataka nione mwili utakubali mpaka lini." Alistaafu tarehe 31 Machi 2011, na alipofikisha miaka sitini na mitano aligundua jambo lililomfurahisha ajabu, kwamba zile siku mbili hazimtoshi tena kubaki alipo, akaongeza ya tatu, akaongeza yai moja na usingizi wa mchana, akampigia simu kila aliyemfahamu kumweleza kwamba kusimama mahali pamoja kumeanza kuhitaji mwendo.

Ugonjwa ulianza Novemba 2022 kwa maumivu ya tumbo na mgongo, na Januari 2023 vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, ikiwa imeshasambaa. Daktari alipomaliza kueleza, sisi tulilia, yeye akauliza misuli itaanza kupungua wapi, akaambiwa mapajani na mabegani, akasema, "Basi tutaangalia." Aliendelea kutembea kwa miguu yake hadi Septemba, kitu ambacho wauguzi walituambia hawakukitegemea, lakini mwili aliouweka mahali pamoja kwa miaka arobaini na mitatu ulianza kuondoka, na ulikwenda haraka. Mama aliendelea kumpima kila Jumamosi kama walivyozoea. Jumamosi moja mwezi Agosti futi ilisoma ishirini na saba, mama akaitazama, akasema, "Thelathini na nane." Baba akamwambia, "Mama, hiyo futi yako inanipenda mno," wakacheka wote wawili, na mama akatoka nje, akakaa uani mpaka nilipokwenda kumchukua. Hakumpima tena, naye baba hakuomba apimwe.

Alilazwa tarehe 28 Septemba. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Oktoba 2023, muuguzi alipokuwa akimbadilishia dripu, baba alimwuliza kwa sauti ndogo kwa nini yale matone hayaanguki haraka, muuguzi akaacha alichokuwa akifanya, akamwonyesha kigurudumu kidogo kinachobana mpira, akamweleza jinsi kinavyofanya kazi, na baba akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe." Hakusema neno jingine. Alifariki saa tatu na dakika ishirini, akiwa na miaka sabini na miwili, miezi sita na siku ishirini na tano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa huyo muuguzi, ambaye hakumwona mgonjwa wa kuulizauliza kuwa msumbufu. Tunawashukuru majirani waliofagia uwanja huu kabla sisi hatujaamka, wanaklabu wa uani kwa seremala, wastaafu wa idara ya mvuke, na baba mdogo Mpini, aliyekuja kumnyoa ndevu kila siku ya pili na kubishana naye kuhusu mpira mpaka wote wawili wakaambiwa wapunguze sauti.

Jana mama aliniita, akaniambia niongeze jambo moja ambalo halikuwa kwenye karatasi hii, nami nalisema kama alivyolisema, kwamba katika miaka yao yote ya ndoa baba hakuwahi kutamka kwamba anampenda, ila kila asubuhi alimwuliza, "Umelalaje?" na akasubiri jibu.

Pumzika, baba yetu, na amani isikupungukie.