Taa Zilizoimeza Bodi Nzima

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na minne, Bi. Veneranda Hyera wa masjala anastaafu kwenye chama chetu cha ushirika wa kahawa hapa Mbinga. Aliajiriwa mwaka 1991 kutunza majalada, akakabidhiwa pia kamera kwa sababu wengine wote waliiogopa.

Tangu hapo, kila mkulima mwenye kitambulisho chetu amepigwa picha naye. Sheria ni moja: masikio mawili yaonekane. Wazee wa kijiji cha Ukata wamevuliwa kofia, akina mama wamesogezwa vilemba. Kwanza anakuamkia Shikamoo, ndipo anakushika kidevu.

Kalenda ya chama nayo ilikuwa yake. Lakini mwaka jana uongozi uliona kalenda ya chama jirani, yenye taa za Krismasi zilizofifia nyuma ya mtu zikawa maduara ya rangi. Loo! Ikaamuliwa kwamba Bi. Veneranda akishindwa kupiga hivyo, kazi inakwenda studio. Kalenda yake ya mwisho, jamani! Alinuna nusu siku, kisha akaenda kujifunza.

Padre Aidan, mpenzi wa kamera, alimfundisha: fungua tundu la lenzi hadi mwisho, msogelee mtu wako, taa ziwe mbali nyuma yake. Jaribio la kwanza lilikuwa kwenye pango la kanisani. Taa zilitoka safi kabisa, Mtoto Yesu akatoweka. Akarudia wiki mbili, huku Bw. Valentino wa uhasibu akiwa juu ya kiti, taa shingoni, akilalamika.

Siku yenyewe ya kuipiga bodi picha ya kalenda, Beata, mpika chai wetu wa miaka ishirini, aliombwa asimame mbele na sinia ili Bi. Veneranda apimie fokasi, yaani mahali picha inapotoka kali. Ndipo bodi ikaingia. Kwetu mkubwa hakai mbali na mapambo, kwa hiyo viti vyao vilikuwa vimewekwa chini ya mti wenyewe, katikati ya taa. Bi. Veneranda aliwaomba wasogee mbele, kwa adabu, mara mbili. Walimshukuru, wakazidi kukaa. Angeihamishia bodi fokasi, taa nazo zingeonekana wazi na studio ingeshinda. Akaiacha fokasi pale pale kwa Beata, akabofya. Umeme ukakatika, na mpiga chapa alikuwa mlangoni akisubiri picha, kwa hiyo hapakuwa na kurudia.

Basi kalenda ya 2025 ina Beata, masikio mawili, sinia mkononi, na nyuma yake bodi nzima imekuwa maduara. Mwenyekiti alijitambua kwa tai yake nyekundu. Mimi wa mizani, niliyekuwa nimesimama nyuma ya viti vyao, ni lile duara la kijani. Tulisubiri ghadhabu, mwenyekiti akaangua kicheko. Nakala zimekwisha, na Ukata bado wanadai nyingine.

Tulipotafuta picha ya Bi. Veneranda ya kuweka kwenye ukurasa huu, tuligundua hatuna hata moja. Miaka yote hiyo! Tuliona aibu. Tukatundika taa, tukampa Beata kamera. Taa zimefifia vizuri, na Bi. Veneranda naye amefifia, kwa kuwa alinyanyuka kumwelekeza Beata namna ya kushika lenzi. Sikio linaonekana moja tu. Tulitaka kurudia, akakataa. Aliitazama muda mrefu, akafuta macho, akasema Beata amefaulu.

Asante sana, Bi. Veneranda. Nenda salama, upumzike kwa afya na furaha. Kamera tumemkabidhi Beata.

Wilfred Mbele, Idara ya Mizani