Akiinua Kidole

Gogo la mninga lililolazwa mbele ya kibanda cha Malale, fundi baiskeli wa jirani na stesheni ya Mpanda, lilikuwa na wenyewe. Kila alasiri Yotham alipofika na birika lake la kahawa, aliwakuta pale Kija, aliyeitwa Sindano kwa kuwa ndiye aliyechanja ng'ombe wa ukoo mzima, na Enoka, aliyeitwa Asali kwa mizinga yake ya kule Ugalla. Siku hiyo, mwaka wa tisini na sita, hakuna aliyegusa habari za mpira. Specioza, mke wa Malale, alikuwa amerudi kutoka Nairobi kwa dada yake Imakulata, midomo imejaa ikajazika. Sasa alitaka kupanda treni ya kesho arudi kwa daktari, maana dawa yenyewe haidumu, huyeyuka. Malale alikuwa bado hajampa jibu. Alikuwa na wivu.

— Una uhakika si nyuki? Enoka alianza. Mie nikichomwa mdomoni navimba hivyohivyo.

— Nyuki gani, Asali! Kasema ni sindano. Nyembamba kama unywele.

— Ndani kuna nini?

Malale akashusha sauti.

— Ngozi ya ng'ombe. Eti wanaisafisha mpaka inakuwa kama uji, ndiyo wanamchoma.

Kija akapaliwa.

— Ndugu yangu! Umepeleka ng'ombe wa mahari kwao Kakese, nao wamekurudishia mmoja mdomoni!

Walicheka mpaka gogo likatikisika. Malale hakucheka. Tangu mkewe arudi, alikuwa analishwa sifa za daktari huyo asubuhi na jioni. Mara alimjaribu kwanza kwa tone dogo mkononi, akamwambia asubiri mwezi mzima waone kama mwili utaikataa dawa. Mara alimwekea barafu. Mara dawa ilichanganywa na ganzi, tena akaisukuma taratibu. Mara daktari ana mkono mwepesi, hujapata kuona! Malale alikuwa mume wa huyo mwanamke miaka yote hiyo, na hakukumbuka kusifiwa hata kwa kuziba pancha.

— Mie ng'ombe namfunga kamba, watu wawili wanashika pembe, nachoma, Kija alisema. Barafu ya nini? Mtu mzima anabembelezwa hivyo kwa sindano tu? Hapo pana jambo.

— Tena sijawaambia la kidole, Malale alisema, na moyo ukamuuma upya.

— Kidole gani tena?

— Daktari kamwambia, ukisikia maumivu usiseme, mdomo utacheza. We inua kidole tu, nasimama. Na kweli, aliinua, jamaa akasimama! Akamngoja mpaka apoe, akamuuliza kama aendelee.

Yotham mwenyewe alisahau kumimina.

— Hiyo ni lugha yao, Enoka alisema. Kidole cha shahada maana yake nakupenda. Cha mwisho maana yake nakuja na treni.

— Nyie hamjui kitu, Kija akadakia. Ile ngozi ya ng'ombe imesomewa. Mwanamke akiinua kidole hapa Mpanda, jamaa kule Nairobi anainuka.

— Hata akiwa amelala?

— Hata akiwa anaoga!

Malale akasimama, akakaa tena.

— Jana nimemwona anainua kidole.

— Akifanya nini?

— Anaonja chumvi ya mboga.

— Ya mboga kakwambia wewe, Enoka alisema kwa huruma.

Hapo Malale akapiga gogo kwa ngumi, vikombe vikaruka.

— Basi treni hapandi! Nimesema mimi mume wake!

Pembeni yao, juu ya gunia la dagaa wa Ikola, alikuwa amekaa mama mmoja mchuuzi aliyeitwa Getrude. Alikuwa amekuja stesheni kuulizia nafasi ya mzigo wake, akaagiza kikombe akisubiri. Alikuwa ameitazama ile ngumi.

— Samahani kaka zangu. Huyo wifi alifuata urembo tu, au mdomo ulikuwa na tatizo?

— Kovu, Malale alijibu haraka. Mdomo wa juu ulikuwa umebonyea. Aligonga mlango.

— Si ulituambia alianguka na ndoo? Enoka aliuliza.

— Mlango, ndoo, kovu si kovu!

Getrude alikunywa tone la mwisho, akamrudishia Yotham kikombe chake. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeulizia njia:

— Na huku nyumbani, kaka, akiinua kidole, nani anasimama?

Enoka alimtazama Kija. Kija alitazama birika.

— Yotham, mimina kahawa, Malale alisema.

— Imekwisha, Yotham alijibu, akaanza kukusanya vikombe.

Malale aliuficha mkono wake wa kulia chini ya paja, akaona aibu ya kweli kweli. Aliikumbuka ile jioni, pale jikoni. Specioza hakuinua kidole. Aliinua mikono yote miwili, na yeye hakusimama.